Juma la Kuhesabu Jodari

Somoe Chilumba alimpasua jodari tumbo, akaingiza vidole, akakuta hamna kitu. Hakuna dagaa, hakuna ngisi, hata ganda la kamba hakuna. Akamsukuma pembeni, akamvuta wa pili kwa mkia, akampasua naye. Mtupu. Wa tatu alikuwa bado anatweta, kinywa kikifunguka na kujifunga, na huyo hakumpasua. Alimrudisha majini kwa mikono miwili, taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto. Jodari akalala ubavu, akaelea hivyo hivyo.

"Dada Somoe," alisema Liundi, nahodha wa boti ya kituo. Alikuwa ameshazima injini. "Acha kupasua. Tazama kule."

Akainua kichwa. Kuanzia ubavuni mwa boti hadi jicho linapoishia, bahari ilikuwa imejaa matumbo meupe.

Jodari hajui kusimama. Samaki wengine hupumua wakiwa wametulia. Yeye lazima aende, maji yampite kwenye mashavu, ndipo apate pumzi. Anakula akienda, analala akienda. Asipokula hana nguvu ya kwenda, na asipokwenda anakufa kwa kukosa pumzi katikati ya maji. Somoe alilijua hilo tangu chuoni. Hakuwa ameliona kwa macho yake.

Katikati ya mizoga ile mgongo mmoja wa kijivu ulikuwa ukizunguka, mzunguko baada ya mzunguko, mkia ukipiga kwa utaratibu usiochoka. Huyo hakuwa samaki. Alikuwa mchungaji: mwili wa mpira, mifupa ya chuma, betri tumboni, na ndani yake chombo kidogo cha kutoa mngurumo mzito ambao jodari huusikia kwa ngozi na kuufuata. Mchungaji alikuwa akiendelea kuwaita. Waliomfuata walikuwa wamekwisha kufa, naye aliendelea kuwaita.

Somoe alimjua kwa alama ya buluu kwenye pezi. Alikuwa wake. Alishiriki kumbuni kwa mikono yake.

Aliruka hadi kwenye redio, mikono ikiwa bado na damu.

"Mmadi! Mmadi Soilihi, nijibu!"

Redio ilikoroma kidogo. Kisha sauti ya mwenzake wa upande wa Komoro ikaja, tulivu, Kiswahili cha mtu wa Ngazija aliyesoma naye Unguja: "Nakusikia, Somoe. Usipige kelele."

"Nitapiga kelele mpaka Moroni wanisikie bila redio! Njoo uone ulichokifanya. Wanakufa. Matumbo matupu. Umewavuta mpaka wamekatika pumzi."

"Niliwavuta usiku kwa sababu wewe uliwavuta mchana."

"Niliwavuta kwa sababu juzi uliwaondoa mdomoni mwa Ruvuma!"

"Na kabla ya juzi nani aliwatoa kwangu?"

Somoe alifumba macho. Liundi aligeukia upande mwingine akajifanya anatazama kamba.

"Achia," alisema Somoe. "Achia wachungaji wako leo hii, samaki waende wakale."

"Achia wewe kwanza."

"Nikiachia mimi, utawakusanya wote."

"Basi tunaelewana," alisema Mmadi, na redio ikakatika.

*

Kituo cha Wachungaji kilikuwa juu ya kilima kidogo nyuma ya Mikindani, jengo la ghorofa moja lenye sahani za setilaiti kila pembe. Somoe aliingia ofisini kwa Mkurugenzi Kayombo bila kubisha, viatu vikidondosha maji, na akamwekea jodari aliyepasuliwa juu ya meza.

Mkurugenzi alirudisha kiti nyuma. "Mama, hii ni ofisi."

"Mheshimiwa, mtazame."

"Nimemwona."

"Humtazami. Unatazama suruali yako isichafuke."

Kayombo hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomuudhi Somoe kuliko yote. Mtu mbaya ungemchukia ukapumzika. Huyu alikuwa mtu wa kazi, aliyelala kituoni juma zima, macho mekundu, ambaye kila alilolisema lilikuwa na sababu.

"Kaa," alisema. "Nikukumbushe jambo. Zamani mgao wa jodari ulitolewaje?"

"Unajua kwamba najua."

"Aliyevua sana zamani ndiye aliyeruhusiwa kuvua sana kesho. Sisi hatukuwa na meli, kwa hiyo hatukuwa na haki. Mataifa ya mbali yalikuja na majumba yanayoelea yakachota samaki mlangoni petu, tukabaki kuyapungia mkono. Nani alisimama mbele ya Baraza la Jodari akasema samaki ni wa maji anamokutwa? Nani aliongea mpaka akalia?"

Somoe alijua jibu. Ni yeye.

Alikuwa ameishinda vita ile. Kanuni ilibadilishwa. Tangu hapo, juma moja kila mwaka, setilaiti na vinasa sauti vilivyotegwa chini ya bahari vilihesabu jodari wote wanaoogelea, na kila nchi ikapewa mgao kulingana na waliokutwa ndani ya mipaka yake. Sehemu moja tu haikuhesabiwa: Ukanda wa Hifadhi, mashariki, ambako maji ya baridi hupanda kutoka chini na chakula hujaa. Samaki wa humo hawakuwa wa nchi yoyote. Mwaka wa kwanza watu wa Mikindani walipiga ngoma mpaka asubuhi. Mwaka wa pili mtu fulani, na hakuna aliyekubali kwamba ni yeye, aligundua kuwa mchungaji anayeweza kumtoa samaki kwenye wavu anaweza pia kumtoa kwenye nchi.

Kwa maana wachungaji hawakutengenezwa kwa kazi hii. Somoe na Mmadi waliwabuni wakiwa wanafunzi, ili kuwaongoza jodari wadogo mbali na nyavu mpaka wakue. Tuzo walizopewa zilikuwa bado zinaning'inia ukutani nyuma ya kichwa cha Mkurugenzi.

"Majira haya jodari wanatakiwa wawe kwenye Ukanda," alisema Somoe. "Wanakwenda kula kabla ya kutaga. Tumewazuia. Sisi huku, Mmadi kule, tunawavuta kama watoto wanaogombea kamba. Kundi zima litakwisha, Mheshimiwa. Mwaka kesho hakutakuwa na cha kuhesabu."

"Hesabu inafungwa Ijumaa jioni. Jumamosi utawaachia wote."

"Jumamosi nitaachia mizoga."

"Baadhi."

"Wengi!"

Kayombo alijipangusa uso kwa kiganja. "Kiwanda cha Shangani kinasubiri mgao huu. Tusipoupata, meli za kupakua zitakwenda kwingine msimu wote. Kile kiwanda kina wanawake wa nusu ya mji huu. Dada yako yumo. Unataka nikawaambie nini? Kwamba mtaalamu wetu ameona huruma?"

"Waambie ukweli."

"Ukweli ni kwamba Wakomoro hawataona huruma. Warudishe samaki kwenye maji yetu. Kama huwezi, sema, nitaliandikia Baraza wakutoe kwenye nafasi ya mlinzi, nimweke mwingine."

Alijua na Somoe alijua: Baraza lilimwandikisha mlinzi mmoja tu kwa kila nchi, na wachungaji walitii mkono na sauti ya huyo peke yake, au ya mlinzi mwenzake aliyemkabidhi kwa hiari. Kumbadilisha kungechukua muda ambao hesabu haikuwa nao.

Somoe alimchukua jodari wake kwenye meza, akatoka.

*

Dada yake alimkuta nje, kwenye ngazi za kituo. Esha alikuwa msimamizi wa meza za kukata kiwandani. Alikuja na gauni jeupe la kazi na kilemba cha plastiki, maana alitoroka mapumziko ya mchana. Ndiye aliyemlea Somoe baada ya mama yao kufariki, ndiye aliyekata samaki kwa ajili ya ada ya shule, na hata sasa Somoe alipomwona alisimama wima bila kufikiri.

"Shikamoo, dada."

"Sitaki shikamoo yako. Liundi kapita kiwandani anasema umechanganyikiwa baharini. Anasema unataka kuwaachia samaki."

"Wanakufa, dada."

"Samaki wanakufa kila siku. Mimi ndiyo kazi yangu hiyo."

"Si hivi. Hawa wanakufa bure. Hata kukatwa hawatakatwa."

Esha alikaa kwenye ngazi, akavua kilemba, akakishika mapajani. Alipoongea tena hakupaza sauti, na ilikuwa afadhali angepaza.

"Somoe, wewe ulipokwenda kwenye lile baraza lako, ulirudi ukatukusanya ukatuambia bahari sasa ni yetu. Tukaamini. Bibi Salima alikopa akajenga vyumba viwili kwa neno lako. Binti wa Mzee Nampota aliacha kwenda Dar. Mimi nilisimama mbele ya wanawake nikasema, mdogo wangu hasemi uongo. Sasa unataka kuniambia samaki tuliowapigania wapite mbele yetu waende, tuwatazame tu?"

"Nataka wawepo mwakani."

"Na sisi mwakani tuwepo wapi?"

Somoe alitaka kusema jambo kuhusu kutaga, kuhusu kundi likishavunjika haliundiki tena, kuhusu vizazi. Yote yalikuwa kweli. Aliona uso wa dada yake, akaona kwamba yote yalikuwa kweli na hayamfai mtu anayesimama kwenye meza ya kukatia.

"Sikuombi uniahidi," alisema Esha akinyanyuka. "Nakuambia tu. Usije ukatuuza sisi kwa ajili ya samaki, halafu ukaja nyumbani kwangu kula."

Akaenda zake bila kugeuka.

*

Chumba cha kuongozea kilikuwa na baridi ya mashine. Skrini kubwa ilionyesha bahari, mipaka ya nchi kwa mistari myekundu, na kundi la jodari kama wingu la kijani lililokuwa likisinyaa. Alipofika Somoe, wingu lilikuwa limekaa juu ya mstari wenyewe, nusu huku nusu kule. Wachungaji wake walikuwa wakinguruma upande mmoja, wa Mmadi upande wa pili, na samaki wakizunguka hapo hapo kwenye maji ya moto yasiyo na chakula.

Vijana wawili wa zamu walimpisha. Akawaambia waende wakanywe chai. Wakaenda.

Alifikiri kwa hasira, na hasira haikumpotosha, ilimsaidia kuona. Akiwazima wachungaji wake, wale wa Mmadi wangewabeba samaki kwa pupa hadi pwani ya Ngazija, upande wa kusini, mbali zaidi na Ukanda, na wangekufa kule. Akiendelea kuvuta, wangekufa hapa. Nguvu ya kuwafikisha kwenye Ukanda ilihitaji makundi yote mawili ya wachungaji yangurume kwa sauti moja, yaongozwe na mtu mmoja. Mmadi asingempa wachungaji wake kamwe. Basi ilibaki njia moja, na alipoiona alilaani kwa sauti, matusi ambayo Esha angemzaba kofi kwa kuyasikia.

Alibonyeza redio.

"Mmadi."

"Naam."

"Nyamaza unisikilize. Nakupa ufunguo wangu."

"Umesema?"

"Nakukabidhi wachungaji wangu wote. Utawaongoza wote, wako na wangu. Wapeleke samaki kwenye Ukanda wa Hifadhi. Ukiondoka sasa, kwa mwendo wa pole, watafika Ijumaa kabla hesabu haijafungwa. Hawatahesabiwa kwako wala kwangu. Wataishi."

"Somoe, unaniamini kiasi hicho?"

"Sikuamini hata kidogo. Wewe ni mwongo na umekuwa mwongo tangu tukiwa Unguja. Lakini samaki unawajua. Hakuna mwingine anayejua kuwatembeza wakiwa wamechoka namna hii bila kuwamaliza. Kwa hiyo chukua, na Mungu akulaani ukinifanyia uhuni."

"Nitawafikisha," alisema Mmadi. "Wallahi, nitawafikisha."

Somoe aliweka kiganja kwenye kioo, akasema jina lake na neno la kukabidhi. Alama za buluu kwenye skrini zikageuka manjano, rangi ya Komoro, zote kwa mkupuo. Aliketi akaikazia macho skrini.

Mngurumo ulibadilika. Hakuusikia, aliuona: wachungaji wote wakajipanga safu moja mbele, wakaanza kwenda mashariki polepole, wakipunguza mwendo kila mara ili wale wanyonge wasiachwe. Mmadi alikuwa bingwa, hilo hakuna wa kumnyima. Wingu la kijani likanyooka kama uzi, likafuata.

Mkurugenzi Kayombo alipoingia na kuona skrini, hakupiga kelele. Alisimama tu, mikono kichwani, kama mtu aliyefika nyumbani akakuta moto.

*

Samaki hawakufika kwenye Ukanda Ijumaa. Walifika Jumamosi.

Somoe aliwatazama kwenye simu yake, maana kituoni alishafungiwa mlango. Uzi wa kijani ulikwenda mashariki vizuri kabisa, na ulipokuwa karibu kugusa Ukanda, bado ndani ya maji ya Komoro, ukapunguza mwendo. Ukajikunja. Ukatulia hapo, ukizunguka kwa utulivu, kwenye ukingo ambako maji ya baridi huanza kufika na dagaa huanza kuonekana. Ukazunguka hivyo Ijumaa yote. Jioni hesabu ikafungwa. Baraza likatangaza: Komoro imepata mgao mkubwa kuliko nchi yoyote ya mwambao huu. Alfajiri uzi ukanyooka tena, ukaingia kwenye Ukanda, ukasambaa, na vinasa sauti vikaanza kurekodi kile kishindo cha jodari wanaokula.

Alimpigia Mmadi. Alipokea mara moja, kana kwamba alikuwa ameshika simu mkononi.

"Niliapa nitawafikisha," alisema kabla hajasalimiwa. "Nimewafikisha."

"Mshenzi wewe."

"Hakufa hata mmoja tangu uliponikabidhi. Uliza yeyote. Niliwapumzisha pazuri, wakapata chochote kidogo, ndipo nikawaingiza."

"Mshenzi!"

"Mimi nina watu pia, Somoe!" Sasa yeye ndiye aliyepaza sauti. "Unadhani kiwanda kipo kwenu tu? Unadhani huku kwetu Mutsamudu hakuna akina mama wanaosubiri? Nilikaa na ile mashine, nikatazama saa, nikasema, wakisogea kidogo tu wanakuwa wa hakuna mtu. Wa hakuna mtu! Samaki wote wale. Nikashindwa. Ningekukabidhi mimi, ungeweza wewe?"

Somoe alifungua mdomo kumwambia kwamba yeye angeweza. Alikata simu, akaitupa kitandani, akapiga ukuta kwa ngumi mpaka jirani akauliza kuna nini. Hasira ya kumkasirikia Mmadi angeibeba. Hii nyingine, ya kutokuwa na jibu, ilikuwa nzito mno.

Juma lililofuata alisimama mbele ya kamati ya nidhamu. Wakamuuliza kama anajutia. Akawaambia anajutia kanuni aliyoililia, kwa sababu waliiandika kana kwamba samaki ni mawe, ukimkuta kwako ni wako, na yeye mwenyewe alipiga makofi. Akawaambia wakiiacha ilivyo, mwakani kila nchi itakuja na wachungaji, na wataua bahari nzima kwa kuigombea. Mwandishi wa kikao alisimamisha kalamu akamwangalia mwenyekiti, mwenyekiti akatikisa kichwa, na maneno hayo hayakuandikwa. Kazi yake ikaisha siku hiyo.

*

Kiwanda cha Shangani kilifungwa kwa msimu. Kabla ya kufungwa lazima kisafishwe: meza za kukatia, mifereji ya damu, vyumba vya barafu. Wanawake waliitwa kwa siku ya mwisho ya malipo, kusugua.

Somoe alikwenda. Hakuwa ameitwa. Alivaa buti za zamani na gauni aliloazima, akaingia kwenye ukumbi mrefu uliojaa mvuke na harufu ya dawa, na mazungumzo yote yakakatika. Walimtazama mmoja baada ya mwingine. Bibi Salima alitema mate kwenye mfereji, akaendelea na kazi. Mwanamke mmoja kijana akasema kwa sauti ili asikike, "Huyo kaja kutucheka."

Alisimama pale mlangoni bila kujua aweke wapi mikono.

Esha alikuwa mwisho wa ukumbi, amepiga magoti, akisugua mguu wa meza. Hakuinuka. Alimtazama mdogo wake muda mrefu, na uso wake haukulainika hata kidogo. Kisha akachukua brashi kwenye ndoo iliyokuwa karibu naye na kuirusha. Ikateleza kwenye sakafu yenye maji, ikasimama mbele ya buti za Somoe.

Somoe aliiokota. Akaenda akapiga magoti upande wa pili wa meza ile ile.

Walisugua meza baada ya meza. Maji ya moto yalimwagwa, yakapita, yakamwagwa tena. Mikono ya Somoe, iliyozoea vioo na vitufe, ilianza kuchubuka. Hakuna aliyemwambia apumzike. Mchana wanawake waligawana mihogo na chai, hawakumpa, naye hakuomba. Wakarudi.

Meza ya mwisho ilipobaki, Esha alisema, macho kwenye kazi, "Sijakusamehe."

"Najua, dada."

"Wala sijui kama nitakusamehe."

"Najua."

Esha alichovya brashi, akaikung'uta. Alinyoosha kidole kwenye kona ya chuma ambako magamba yalikuwa yamekaukia.

"Hapo hujasugua," alisema. "Rudia. Watakaofungua tena wasiseme tuliondoka tukaacha uchafu."